Kimya cha Zaituni

Jinsi nilivyofika Timamu haina uzito, na hata ningeieleza nisingeaminiwa. Yatosha kusema nilikuwa njiani kwenda kwingine, barabara ikanifikisha huko, na mlinzi wa lango, badala ya kuniuliza hati ya kusafiria, akaniuliza kama natoka nje. Nikamjibu ndiyo, natoka nje, kwani yeye anaona natoka wapi? Akanipigia saluti, akanivika mkanda wa kijani begani, na tangu hapo sikuitwa tena kwa jina langu. Niliitwa Jicho la Nje.

Niseme mapema kwamba mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu. Nusu ya maisha yangu nimeimaliza nyuma ya madarasa, nimejikunja kwenye madawati ya watoto, nikiwatazama walimu wakifundisha somo walilolifanyia mazoezi kwa ajili yangu. Mimi si mtu wa kudanganywa kwa usafi wa ubao. Silisemi hili kwa kujisifu. Nalisema ili msomaji ajue kwamba yaliyonitisha Timamu yalimtisha mtu aliyezoea.

Cha kwanza kilichonishtua ni ukimya. Timamu ni mji mkubwa, una soko, una mitaa mipana, na chuo kikuu chake kimekaa juu ya kilima kinaonekana kutoka kila upande. Watu ni wengi. Lakini wanavaa viatu vya nyayo za kitambaa, na muuza karanga haiti wateja, ananyanyua tu kikapu chake na kungoja aonekane. Niliona watoto wachanga wengi mikononi mwa mama zao, wanono, wasafi, na kila mmoja kinywani ananyonya kitambaa kilichochovywa kitu cheusi. Walinitazama. Hakuna aliyelia hata mmoja, na mimi nimelea watoto watatu, najua kwamba hilo haliwezekani.

Salamu yao nayo ni ya namna yake. Wakikutana hawaulizani habari za nyumbani. Mmoja husema, "Umejipimaje?" na mwenzake hujibu, "Juu ya kiwango." Basi, wanapita. Nilimwona bwana mmoja anachechemea, damu imemkauka kwenye kisigino, akaulizwa amejipimaje, akajibu kwa tabasamu. Kwenye hoteli nilikoingia kula, mpishi aliniletea wali wenye mawe, akasimama mbele yangu, akachukua kijiko changu, akaonja yeye mwenyewe, akanitangazia kwamba nimeridhika. Kisha akaondoka na furaha yake. Nikabaki natema mawe.

Aliyekuja kunichukua hapo ni Profesa Shehoza, Mkurugenzi wa Ubora wa Chuo Kikuu cha Timamu. Alikuwa mtu mpole, sauti yake ya chini, na kila alipotamka neno ubora alifumba macho kidogo. Alinieleza sheria za kwao tukipanda kilima.

"Hapa kwetu, mama, chuo hakipimwi na watu baki," alisema. "Nani anaijua kazi yetu kuliko sisi? Tunaweka kiwango wenyewe, tunajipima wenyewe, na tukifaulu tunajipongeza wenyewe. Ila sheria inataka liwepo jicho moja la kutoka nje, lishuhudie kwamba upimaji umefanyika."

"Na hilo jicho likiona kasoro?"

"Tumeomba jicho tu, mama. Mdomo tunao."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Alinitembeza kwenye idara. Idara ya Kilimo ilikuwa na shamba la mahindi lililonyooka vizuri mno, kila shina kimo kimoja, na nilipokaribia nikaona ni mbao zilizopakwa rangi. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Profesa alinieleza kwamba zamani walilima mahindi ya kweli, lakini yalileta funza na ukame, na funza na ukame havikuwa kwenye mtaala. Idara ya Madaraja ilikuwa na michoro mizuri ukutani, na dirisha lake lilitazama mto. Kwa dirisha hilo niliwaona wahadhiri wa idara hiyo hiyo wakivuka mto kwa miguu, maji yamewafika kifuani, viatu vyao wameviweka kichwani. "Daraja likijengwa laweza kuanguka," alisema Profesa Shehoza. "Likianguka, tathmini yote imeanguka nalo."

Kisha akaniingiza kwenye kikao cha Baraza la chuo, nikakalishwa kwenye viti vya wageni. Hoja ya siku hiyo ilikuwa ya mwanafunzi wa historia aliyenyoosha mkono darasani kuuliza swali. Wajumbe walikuwa wakibishana kwa minong'ono, lakini kwa hasira kabisa, kama swali lile lihesabiwe ni upungufu wa mhadhiri au ni upungufu wa mwanafunzi. Mjumbe mmoja alisema swali ni dalili kwamba mtu hakuelewa, na programu ya historia imeshathibitishwa kuwa inaeleweka. Mwingine akasema kama inaeleweka, basi swali halikuulizwa. Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba halikuulizwa. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, mkono wake bado uko juu, vidole vimeanza kupauka. Hakuna aliyemwambia aushushe.

Pale kwenye viti vya wageni sikuwa peke yangu. Kulikuwa na safu ya wazee, wanaume kwa wanawake, wote wana mikanda ya kijani kama wangu, ila ya kwao imefifia hadi kuwa na rangi ya majani makavu. Baraza likipitisha jambo, walitikisa vichwa kwa pamoja. Aliyekuwa jirani yangu alinisalimu kwa lafudhi ya kwetu kabisa.

"Umetoka huko lini, mzee wangu?" nilimuuliza.

"Nilikuja kutazama tathmini moja tu," alisema. Macho yake hayakuondoka kwa wajumbe. "Nilipomaliza wakaniambia macho yangu yana ubora."

"Na nyumbani?"

Alifikiri kidogo. Kisha kikao kikapitisha jambo jingine, naye akatikisa kichwa pamoja na wenzake. Nakiri hapo niliogopa. Nilishika mkanda wangu na kuitazama rangi yake.

*

Programu niliyoletewa kuishuhudia ilikuwa ya Ukunga, ambayo ndiyo fahari ya chuo kizima. Wodi yake ilikuwa chumba kirefu cheupe chenye vitanda vingi, vyote vitupu isipokuwa kimoja. Kwenye kitanda hicho alilala mwanamke wa mti. Alikuwa amechongwa kwa ustadi wa kutisha, nywele zimesukwa, kucha zimetiwa hina, midomo imefungwa kwa upole, na macho yametazama pembeni kana kwamba kuna mtu anayemtafuta. Wanafunzi waliopita walimwinamia na kusema, "Shikamoo, mama," na wakangoja kidogo kabla ya kuendelea, muda unaotosha mtu kuitika marahaba.

"Huyu ni Mama wa Mfano," alisema Profesa Shehoza, na safari hii alifumba macho kwa muda mrefu. "Alikuwa mtu, aliitwa Zaituni. Hakuna uzazi uliowahi kupimwa hapa ukapata alama zote isipokuwa wa kwake. Hakulia. Hakuita. Hakulalamika, hakuuliza swali hata moja. Wanafunzi walimaliza hatua zote bila kukatizwa. Tukasema, basi, hiki ndicho kiwango. Tangu siku hiyo tunafundishia kwa Zaituni."

"Naye yuko wapi sasa?"

"Si huyu hapa?" alisema, na alishangaa kwa dhati.

Nilimuuliza wanawake wa mji wanazalia wapi, maana vitanda ni vitupu. Alinijibu kwamba wanawake wa Timamu, mimba zikikomaa, huwa wanapenda kwenda ng'ambo ya mpaka kusalimia ndugu. Wakirudi huwa wana watoto. Chuo hakikuwa na maoni juu ya hilo. Lakini sheria ilitaka mara moja katika kila kizazi programu ijipime kwa mzazi aliye hai, mbele ya Jicho la Nje, na mzazi huyo alikwisha kuchaguliwa. Angeweza kuwa nani tena ila binti wa Zaituni mwenyewe?

Binti huyo aliitwa Tabu, na nilikutana naye mchana huo huo. Tumbo lake lilikuwa limeshuka, uso umevimba kidogo, na alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mama yake wa mti akijifunza kunyamaza. Sina namna nyingine ya kulieleza. Mwanafunzi mmoja alimfinya mkono kwa nguvu, mwingine alimtazama midomo, na midomo isipotikisika waliandika alama. Mikono yake ilikuwa na madoa meusi hadi kwenye viwiko.

"Haikuumi, mwanangu?" nilimuuliza.

"Mama aliweza," alisema kwa fahari. "Nami nitaweza."

Mhadhiri wa Ukunga, Bi Nunuu, alikuwa dada mdogo wa marehemu Zaituni, na ndiye aliyemlea Tabu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Mbele ya Profesa Shehoza alisema yote ya kusemwa, hatua na viwango na alama. Profesa alipotoka, alichukua kitambaa cha maji akaanza kumfuta vumbi usoni yule mwanamke wa mti, na bila kunigeukia akazungumza kwa sauti iliyotoka kooni tu.

"Unajua kwa nini anatazama pembeni, Bi Mgeni?"

"Sijui."

"Ananitazama mimi. Nilikuwa mwanafunzi, nimesimama kwenye mstari, pale ulipo wewe. Dada alikuwa ameambiwa anapimwa, akaapa hatanitia aibu. Mtoto alipotoka salama, tukaendelea na hatua. Yeye damu ikawa inatoka chini ya shuka, inatoka tu. Alikuwa akinitazama niende. Nami nilikuwa nimeambiwa atakayetoka kwenye mstari ameharibu tathmini ya wote. Kengele ilipopigwa alikuwa amekwisha kufa, sijui tangu hatua ya ngapi. Wakasema, tazameni, hakulia."

Nilimuuliza kama Tabu anajua.

"Anajua mama yake alikufa kwa homa, wiki kadhaa baadaye. Alipokuwa mdogo akilia, maofisa walikuja mlangoni. Nikamnyamazisha kwa maneno ambayo kila mtu mjini alikuwa akiyasema. Mama yako hakulia, Tabu. Mama yako hakulia. Nimemlea kwa hayo, sasa niyatoe kwa maneno gani?" Alikamua kitambaa. "Mimi kila likizo naenda ng'ambo. Wanawake wote wa mji huu nimewazalisha mimi, huko vichakani, wakipiga kelele watakavyo. Mkunga asipomsikia mzazi hajui la kufanya. Nimemsihi Tabu twende kusalimia. Amekataa, na mlinzi yuko mlangoni."

"Sasa mimi nifanye nini? Nimeombwa jicho tu."

"Simama," alisema. "Jicho likisimama kabla ya kengele, tathmini imebatilika. Ikibatilika hakuna kiwango hadi ipangwe nyingine. Katika muda huo kila mtu yuko huru kufanya atakalo, hata mimi. Wewe ni mgeni, sheria haina adhabu yako."

"Yupo aliyewahi kusimama?"

Aliinama akaendelea kumfuta vumbi yule mwanamke wa mti. Nikawakumbuka wale wazee wa mikanda iliyofifia, na nikajua jibu.

*

Uchungu ulimshika Tabu asubuhi, na adhuhuri wodi ilikuwa imejaa. Mwanamke wa mti aliondolewa kitandani akakalishwa kwenye kiti, uso ameelekezwa kwa binti yake. Wanafunzi walisimama mstari mmoja wamevaa meupe. Wajumbe wa Baraza walikaa ukutani. Mimi niliwekwa kwenye kiti kirefu chenye ngazi, na kando yangu Profesa Shehoza alishika kamba ya kengele ambayo ulimi wake ulikuwa umefungwa pamba.

Tathmini ilianza. Mwanafunzi wa kwanza alitangaza hatua ya kwanza, akaitenda, akarudi mstarini. Wa pili vivyo hivyo. Sikuona kosa, na nilitafuta sana. Walinawa mikono inavyotakiwa, walikunja shuka inavyotakiwa, walimpangusa Tabu jasho kwenye paji la uso pale ambapo hakuwa na jasho, kwa kuwa Mama wa Mfano hupanguswa hapo. Tabu alilala akitazama dari. Kila uchungu ulipokuja mwili wake ulikakamaa wote, mishipa ya shingo ikasimama, na midomo ikabaki imefungwa kwa upole ule ule wa mti. Tulikaa hivyo muda mrefu. Nilisikia meno yake yakisagana.

"Sawasawa na mama yake," alinong'ona Profesa Shehoza, na machozi ya furaha yalimlenga.

Ndipo likatokea jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Uzazi wa mwanamke wa mti una muda wake, na muda huo ukawadia. Mwanafunzi aliyepangiwa hatua ya kupokea mtoto akatoka mstarini, akainama, akakinga mikono, akapokea. Mikononi mwake hapakuwa na kitu. Akaupangusa utupu ule, akaugeuza, akaupiga kidogo mgongoni, akampa mwenzake, naye akauviringisha kwenye kanga mpya na kuubembeleza. "Mtoto amezaliwa," alitangaza. "Hakulia." Wajumbe wakapiga makofi ya viganja visivyogusana. Na pale kitandani, mbele ya macho yetu sote, Tabu alikuwa bado na mimba yake, amevimba, uso umeanza kuwa wa majivu. Macho yake yalikuwa yamehama kutoka darini. Yalikuwa yanatazama pembeni, mahali aliposimama Bi Nunuu.

Profesa Shehoza aliinua mkono kuvuta kamba ya kengele.

Nilisimama. Sitadanganya kwamba niliamka kwa ushujaa. Ngazi ya kile kiti ililia kwa sauti iliyosikika chumba kizima.

"Huyu bado hajazaa," nilisema.

Hakuna aliyenifokea. Waligeuka wote, wakanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgeni aliyevaa nguo kinyume.

"Hatua zote zimekamilika, mama," alisema Profesa Shehoza taratibu.

"Tumbo lile pale! Huoni?"

"Mimi naona alama. Hakuna hatua iliyokosewa."

"Basi mtoto yuko wapi?"

Mjumbe mmoja alielekeza kidole kwa mwanafunzi aliyekuwa akiibembeleza kanga tupu. Mwingine akasema kwamba kama kuna kitu kimesalia tumboni, hicho kiko nje ya upeo wa tathmini, na kinaweza kushughulikiwa katika mzunguko ujao. Wakaanza kujadiliana mzunguko ujao uwe lini. Nawaapia, walijadiliana. Nami nikashuka ngazi, nikapita katikati ya mstari wa wanafunzi, nikamshika Tabu mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Lia, mwanangu," nilimwambia. "Piga kelele, wapasue masikio hawa."

Alitikisa kichwa. Hata hapo alikataa, na alinitazama kwa dharau, akageuza macho kuelekea kwa mama yake wa mti.

"Nunuu!" niliita. "Tathmini imebatilika. Nimesimama!"

Bi Nunuu alikuwa bado amesimama pale mstarini, mikono yake mikubwa imening'inia. Nilidhani hataweza, na nilimchukia kwa muda ule mfupi. Kisha akatoka. Alitembea hadi kitandani, akauinamia uso wa mwanawe wa kulea, akasema kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza jikoni, ambayo katika chumba kile ilikuwa kubwa sana:

"Tabu, nisikilize. Mama yako hakufa kwa homa. Alifia kwenye kitanda hiki, siku uliyozaliwa wewe, nami nikimwona. Hakuwa hodari. Alikuwa anakufa. Kile wanachokiamkia kila siku ni maiti, mwanangu."

Tabu alimtazama. Akamgeukia mwanamke wa mti, akamtazama yeye pia, yale macho yanayomtafuta mtu. Na hapo akafungua mdomo.

Sijawahi kusikia kelele ya namna ile, na nimezaa mara tatu. Ilikuwa na uchungu wa siku hiyo na wa kila siku aliyofinywa akanyamaza. Wajumbe waliziba masikio. Mstari wa wanafunzi ulivunjika, mmoja akaangusha beseni, na yule aliyekuwa akibembeleza kanga akaifunua, akaona haina kitu, akaketi sakafuni akaanza kulia naye. "Mama mdogo, hapa! Kunavuta hapa, huku upande huu, nakufa!" alipiga kelele Tabu, na Bi Nunuu, ambaye sasa alisikia, akajua mikono yake aipeleke wapi. "Usisukume. Pumua kwanza, kitovu kimemzunguka shingo, ngoja nikitoe. Ngoja. Haya, sasa! Sukuma, mwanangu, piga kelele usukume!" Mimi nilishika mguu mmoja, mwanafunzi fulani alishika mwingine, na hatua ya ngapi ilikuwa ile hakuna aliyeuliza.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alitoka wa buluu, kimya. Bi Nunuu akamsafisha pua na mdomo, akamsugua mgongo. Mtoto akalia. Alilia kilio kilichokwaruza, kilichopita madirishani kikashuka mjini, na wanaosema wanasema mjini watu walisimama barabarani na vikapu vyao.

*

Baraza lilikaa kesho yake kujadili kilio cha mtoto. Niliruhusiwa kuhudhuria, ingawa hakuna aliyenisalimia. Mjumbe wa kwanza alipendekeza ichukuliwe kwamba hakikutokea, lakini ilionekana haiwezekani, maana mji mzima ulikisikia. Wa pili akasema ulikuwa mwangwi wa kitu kingine. Walizunguka hapo muda mrefu, hadi Profesa Shehoza aliposimama, amefumba macho.

"Waheshimiwa, mimi nilikuwepo," alisema. "Mwanzoni niliogopa kama ninyi. Lakini usiku kucha nimekuwa nikikisikia kichwani. Kilikuwa na mwanzo mzuri. Kilipanda, kikafika mahali, kikakatika, kikapanda tena. Waheshimiwa, kile kilio kinapimika."

Nikaona nyuso zao zikifunguka, na kwa ujinga wangu nikafurahi. Nilidhani wameelewa. Makofi ya viganja visivyogusana yalikuwa marefu kuliko nilivyowahi kuyaona, na azimio lilipita kwa kauli moja: kuanzia siku hiyo kila uzazi katika programu ya Ukunga utakuwa na kilio kimoja cha aina ile, chenye kupanda kwake na kukatika kwake, na kitafundishwa. Wazee wa mikanda iliyofifia walitikisa vichwa. Kiti kitupu kando yao kilikuwa kimefutwa vumbi, kikiningoja.

Nilipofika wodini nilimkuta fundi seremala ameinama juu ya kitanda cha Tabu, anampima mtoto kwa kamba, kutoka kichwani hadi visigino. Alikuwa mtu wa adabu. Alisema ameagizwa achonge Mtoto wa Mfano, na kwamba itakuwa vema wa kweli akibaki karibu, kwa ajili ya kulinganisha, hata kama ni kwa miaka michache tu. Bi Nunuu alimsubiri akunje kamba yake na kutoka; mlinzi wa mlangoni alikwisha kuondolewa tathmini ilipobatilika. Kisha akachukua kanga mbili, akamfunga mtoto, akamshika Tabu kiuno. Kabla hatujatoka Tabu alisimama mbele ya mwanamke wa mti. Hakumwamkia. Alikigeuza tu kiti chake, uso ukatazama dirishani.

Mlinzi wa lango alituuliza tunakwenda wapi.

"Kusalimia," alisema Bi Nunuu, na mlinzi akafungua, kama walinzi walivyomfungulia siku zote. Nilivua mkanda wa kijani nikautundika kwenye komeo. Ulikuwa umeanza kufifia pembeni.

Tulikuwa tumevuka mto penye maji machache na kupanda ng'ambo tulipokisikia. Kutoka kilimani kilishuka kilio cha mtoto. Kilikuwa na mwanzo wake, kikapanda, kikakatika, kikapanda tena. Kikaanza upya. Wanafunzi walikuwa mazoezini. Kisha sauti zikaongezeka, na mji ukapokea kutoka mtaa hadi mtaa, maelfu ya watu wazima wakilia kilio kimoja, kwa pumzi moja, bila mmoja wao kukosea. Tulisimama. Sikujua mwanadamu anaweza kulia namna ile bila kuwa na huzuni yoyote, na nilitamani ukimya wao wa zamani urudi.

Mtoto naye aliisikia sauti yake mwenyewe. Alikuwa akinyonya, akaacha. Macho yake yalifunguka wazi, akageuza kichwa kuelekea mjini, akatulia kabisa, akisikiliza. Alikuwa na uso ule ule wa watoto niliowaona siku ya kwanza. Bi Nunuu alimwona, akaweka mkono mdomoni.

Tabu alimtazama mwanawe kwa kitambo. Madoa ya mikononi mwake yalikuwa bado hayajapona. Kisha akaingiza vidole ndani ya kanga, akamfinya paja.

Mtoto alishtuka, akakunja uso, akalia. Kilikuwa kilio kibaya, chenye kamasi na kukohoa, kimekatika pasipotakiwa, hakikufanana hata kidogo na kile cha mjini.

"Hivyo hivyo, baba," alisema Tabu huku machozi yakimtoka. "Lia. Mama anakusikia."